Kituo kimoja, majina matatu: namna ya kuanzisha kiwango cha data cha taasisi nyingi

Stendi ya Mawasiliano pale Dar es Salaam, wengi wanaiita Simu 2000. Karatasi za leseni zinaweza kuwa na jina moja, ramani ya halmashauri jingine, na programu ya simu ya abiria jingine tena. Mtu akisoma anajua ni palepale, ila kompyuta inahesabu vituo vitatu. Sasa zidisha hilo kwa taasisi: LATRA wanatoa leseni za daladala, DART wanasimamia mabasi yaendayo haraka, TRC wana treni, TEMESA wana kivuko cha Magogoni na Kigamboni. Abiria ni mmoja, safari ni moja, data ziko makabati manne.

Wakikutana kuzungumzia kuunganisha data, watu wa taasisi hupenda kuanza na fomu mpya kubwa yenye safu themanini. Ushauri wangu ni kuchukua kiwango, yaani muundo wa pamoja wa kuandika data, kinachotumika tayari, kukipunguza hadi sehemu mnayoweza kuijaza kesho, na kutumia nguvu zenu kwenye swali gumu kuliko yote: nani ana mamlaka ya kukibadilisha, na kwa utaratibu gani.

Kwa usafiri wa umma kiwango hicho ni GTFS (General Transit Feed Specification), muundo wa kuandika vituo, njia na saa za safari. Kilizaliwa 2005 pale Portland, Marekani, TriMet, shirika la usafiri la mji huo, liliposhirikiana na Google ili njia za mabasi zionekane kwenye ramani. Herufi G ilisimamia Google mwanzoni. Baadaye ikabadilishwa maana na kuwa General, "ya jumla", kwa sababu hakuna taasisi ya umma inayopenda kuonekana imefungwa kwa kampuni moja. Leo shirika lisilo la faida la MobilityData ndilo linaloratibu mabadiliko yake. Na si kitu kigeni kwetu: mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, ulikusanya njia zaidi ya 130 za matatu kwa kutumia simu za mkononi, ukatoa data hizo wazi 2014. Mwaka uliofuata njia hizo zikaingia kwenye Google Maps.

Kwa ndani ni faili ya zip yenye majedwali ya maandishi, thamani zikitenganishwa kwa koma. Ya msingi ni agency.txt (nani anaendesha), stops.txt (vituo), routes.txt (njia), trips.txt (safari), stop_times.txt (saa za kufika na kuondoka) na calendar.txt (siku za huduma). Karani mwenye programu ya majedwali anaweza kuzitengeneza bila kununua mfumo wowote. Ila programu hiyohiyo ina ujuaji: ukifungua faili tu, kitambulisho 0012 kinageuka 12, na ukihifadhi umevunja kila jedwali linalokitaja. Anzisha vitambulisho vyote kwa herufi, shida hiyo inaisha.

Vitambulisho ndivyo vinavyostahili vikao virefu kuliko jambo jingine lolote. Kitambulisho cha kituo kisitokane na jina, kwa kuwa majina hubadilika. Kisitumike upya kituo kikifungwa. Kiwe na herufi za mwanzo za taasisi iliyokitoa, kwani GTFS inadai upekee ndani ya mkupuo mmoja wa data tu. Kituo namba 1 cha treni na kituo namba 1 cha basi vitagongana siku mtakapounganisha. Pande mbili za barabara ni vituo viwili, kila kimoja na namba yake. Stendi yenyewe inaandikwa kama mzazi, location_type ikiwa 1, na vituo vyake vinaielekeza kwa safu ya parent_station. Hivyo Mawasiliano na Simu 2000 wanaweza kugombana kuhusu jina mpaka jioni, lakini kompyuta inaona mzazi mmoja.

Makosa ya kuandika mahali kituo kilipo yanachekesha mpaka abiria anapotumwa porini. Kariakoo iko karibu na latitudo -6.82 na longitudo 39.27. Ukisahau alama ya kutoa, kituo kinahamia Ethiopia. Ukibadilisha safu hizo mbili nafasi, kinaangukia Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Tarakimu mbili baada ya nukta zina ukubwa wa kilomita moja hivi, kwa hiyo dai tano, ambazo zinakaribia mita moja.

Kuna kosa jingine ambalo mwongozo wa Kiingereza hautakutahadharisha nalo, kwa sababu ni letu sisi: saa. Mkusanyaji anamuuliza konda gari la kwanza linatoka saa ngapi, anajibiwa "saa kumi na moja na nusu", naye anaandika 11:30:00. Faili inapita ukaguzi bila malalamiko, kwa sababu 11:30:00 ni saa halali kabisa, ila basi la alfajiri limekuwa la kabla ya adhuhuri. Kwenye fomu ya kukusanyia weka safu ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na kazi ya kubadili saa ifanyike na programu, si kichwani mwa mtu aliyechoka. Basi la baada ya saa sita usiku, kama ni mwendelezo wa huduma ya siku iliyopita, linaandikwa 24:40:00 na si 00:40:00. Hapo hata wazoefu huteleza.

Daladala haina ratiba ya dakika, na wengi huishia kusema kiwango hiki si chetu. Kuna faili ya frequencies.txt kwa ajili hiyo. Mstari kama huu:

LD-MBG-KKO-1,06:00:00,09:00:00,420,0

unasema kwamba kwenye safari hii ya Mbagala hadi Kariakoo, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, gari hupita kila sekunde 420, yaani dakika 7. Sifuri ya mwisho inasema ni makadirio. Usibuni ratiba ili jedwali lionekane limejaa.

Sasa utawala. Kwa miaka mingi GTFS ilibadilishwa hivi: yeyote anaweza kupeleka pendekezo hadharani kwenye GitHub (tovuti ambako watu huandika na kujadili programu kwa pamoja), linajadiliwa siku 7 au zaidi, kabla ya kura lazima awepo angalau mzalishaji mmoja wa data na mtumiaji mmoja walioahidi kulitekeleza, kura hudumu angalau siku 7 kamili, ndani yake zikiwemo siku 5 za kazi kwa kalenda ya Uswisi (naam, ya Uswisi), na hufungwa 23:59:59 kwa saa za UTC (saa za kimataifa), sekunde moja kabla ya saa tisa usiku kwetu. Ili pendekezo lipite, wote waliopiga kura wakubali, na kura za ndiyo ziwe angalau 3, ya mwenye hoja isihesabiwe. Anayepinga atoe sababu mahususi inayoweza kufanyiwa kazi.

Sharti la mzalishaji na mtumiaji ningelichukua hata kama ningeacha mengine yote. Linaua safu za "huenda siku moja tukahitaji". Sharti la kura 3 nalo linaziba mwanya wa kunyamaza ni kukubali, ambao kwenye kamati zetu hupitisha mambo ambayo hakuna aliyeyasoma. Udhaifu ni kwamba wote kukubali kunampa mmoja uwezo wa kukwamisha. Mkiwa taasisi nne inavumilika. Mkifika kumi na tano, andikeni mapema theluthi mbili kwa mabadiliko ya kawaida, na muache makubaliano ya wote kwa jambo linalovunja data za zamani. Kura iwe ya taasisi, ila maoni yapokelewe kutoka kwa yeyote, hata mwanafunzi anayetengeneza programu chumbani kwake. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona kosa.

Leseni isiwachukue muda: CC BY 4.0, inayomruhusu yeyote kutumia data mradi ataje chanzo, inatosha. Data zikitoka bila leseni, mwanasheria wa taasisi jirani atazuia zisiguswe.

Kabla ya kupandisha, pitisha kila toleo kwenye programu ya ukaguzi ya MobilityData, ni ya bure. Liwekwe kwenye kiungo kilekile siku zote. Usitie tarehe kwenye jina la faili, maana kila anayechota atakwama. Na chunga end_date, tarehe ya mwisho wa huduma, kwenye calendar.txt. Ikipita, programu nyingi huondoa njia zote bila kumwambia mtu, na wa kwanza kugundua anakuwa abiria. Toleo lililo hewani liwe na siku 30 mbele, zisipungue 7 kamwe. Kikumbusho kiwekwe kwenye simu za watu wawili, kwa kuwa mmoja atakuwa likizo.