Shetani ni nini katika vinyago vya Wamakonde

Ukitaja shetani, wengi humfikiria Ibilisi. Katika uchongaji wa Wamakonde neno hilo lina maana nyingine: ni pepo wa porini, ambaye kwa Kimakonde huitwa nnandenga, na pia ni jina la mtindo wa vinyago vinavyompa pepo huyo mwili.

Mtazame mmoja kwa karibu. Jicho moja limeteremka hadi shavuni, la pili halipo. Mdomo umeachama mpaka kifuani, mbavu zinahesabika, na mahali pa tumbo pana tundu la kupitisha mkono. Ngozi yake ni nyeusi na nyororo, maana huo ni moyo wa mpingo, mti mzito hata ukiutia majini huzama. Mchongaji ameondoa sehemu nyeupe ya nje kwa tezo, akaacha ukanda mmoja mgongoni, kama kovu.

Mtindo huu ulianzia Tanganyika miaka ya 1950, na anayetajwa sana kuuanzisha ni mchongaji Samaki Likankoa. Husimuliwa kwamba kinyago chake kilivunjika mkono, naye badala ya kukitupa akakigeuza kuwa pepo.

Njaa na maumivu yanayoonekana humo yana asili yake. Wachongaji wengi walitoka nyanda za juu za Mueda, kaskazini mwa Msumbiji. Walivuka mto Ruvuma wakikimbia kodi na kazi za shuruti za Wareno, wakaja kukata mkonge Tanganyika. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwapiga risasi watu waliokusanyika Mueda. Sisemi kila shetani ni mkoloni. Pepo hawa walikuwapo katika hadithi za Wamakonde tangu zamani. Lakini mbavu zile na mdomo ule vilichongwa na watu walioijua taabu kwa miili yao.

Waswahili husema mchonga kinyago hakimtishi. Mchongaji huketi chini, gogo amelibana kwa miguu, na hofu ile ya porini usiku inatokeza kidogo kidogo mbele yake mchana kweupe.

Usimchanganye shetani na kinyago cha ujamaa, chenye watu waliopandana kulizunguka gogo moja. Hicho husifiwa kwa umoja wake, na ni haki yake, ila inama uzitazame nyuso za chini kabisa, zile zilizowabeba wengine wote.