Vita vya uhuru Msumbiji: tunavyosimuliana na ilivyokuwa

Watu wakianza stori za ukombozi wa Msumbiji utasikia yaleyale, Mchina alileta bunduki, Nyerere akatoa kambi, Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, wakampiga Mreno aliyekuwa mkoloni wao mpaka akakimbia, basi. Raia wa kawaida hawamo kabisa, na kwa maoni yangu hapo ndo stori inapoharibika.

Tuanze na hii ya kwamba vita vilipiganwa na misaada ya nje. Misaada ilikuwepo, hakuna anayebisha. Algeria ilifundisha wapiganaji wa mwanzo, China na Urusi wakatoa silaha, wakufunzi wa Kichina wakafika mpaka kambi ya Nachingwea, kusini mwa Tanzania. Lakini vita vilipoanza Septemba 25, 1964 kule Chai, mkoa wa Cabo Delgado kaskazini mwa Msumbiji, Frelimo walikuwa na wapiganaji kama 250 tu waliofunzwa, sasa jiulize hao walikula nini. Meli ikishusha mzigo Dar, lori linafika karibu na mto Ruvuma ulio mpakani, ukivuka hapo hakuna lori tena, ni porini kwa miguu siku na siku, sanduku la risasi liko kichwani kwa mtu, na waliobeba wengi walikuwa wanakijiji, wanawake kwa wanaume, huku wakikwepa ndege za Mreno. Na wakija kuchukua mizigo hawakuja mikono mitupu, maana kutoka ndani ya Msumbiji walikuwa wanabeba korosho, ufuta, karanga na vinyago vya Kimakonde kuja kuuza Tanzania ili wapate nguo na chumvi. Mahindi na mihogo ya wapiganaji ilitoka kwenye mashamba ya haohao.

Wasichana nao walianza kupata mafunzo ya kijeshi 1967, kikosi chao kikawa kinapigana, kinabeba mizigo, kinalea yatima. Josina Machel alikuwa mmoja wao, alifariki Dar Aprili 1971 akiwa na miaka 25, na kilichomuua ni ugonjwa si risasi.

Halafu kuna wanaosema eti misaada yote ilikuwa ya wakomunisti. Hapana. Taasisi ya Msumbiji pale Dar, shule iliyokuwa ikiendeshwa na Janet Mondlane, mke wa Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa Frelimo, ilianza na hela ya Ford Foundation ya Marekani kabla Wareno hawajalalamika ikakatwa, kisha Sweden ikaingia. Baadaye Sweden ikawa inaipa Frelimo yenyewe vitu visivyo vya kijeshi, vitambaa, dawa, chakula. Baraza la Makanisa Ulimwenguni lilichangia kuanzia 1970, na mji wa Reggio Emilia kule Italia ukafanya urafiki wa hospitali kwa hospitali na Cabo Delgado. Ajabu ni kwamba Ureno yenyewe ilikuwa mwanachama wa NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, kwa hiyo serikali nyingi za Magharibi zilikuwa upande mmoja na baadhi ya raia wao upande mwingine.

"Kwenye maeneo yaliyokombolewa maisha yalikuwa mazuri." Hii inapendwa sana. Kweli kulikuwa na shule chini ya miti, zahanati, mashamba ya pamoja, na hakuna tena kulazimishwa kulima pamba ya Mreno. Lakini maduka ya wafanyabiashara wa Kireno yalifungwa vita vilipofika, ikawa chumvi, sabuni, nguo na majembe ni shida kubwa. Na palipo na uhaba mjanja hakosi, Lázaro Kavandame ambaye ndo alikuwa mkubwa wa Frelimo Cabo Delgado alilaumiwa kwamba anawalangua wakulima kwenye biashara hiyohiyo ya kuvuka mpaka, wao wanaleta mazao na kurudi na vitu kiduchu. 1969 akahamia kwa Wareno. Kwa hiyo wakulima walikuwa wanaogopa ndege juu na huku chini wanadhulumiwa na mtu wao, sijui kwa nini tunaona aibu kulisema hili.

Wengine wanadhani aliyebaki upande wa Mreno alikuwa salama. Jeshi liliwahamisha watu kwa malaki wakawekwa kwenye vijiji vya lazima vyenye ulinzi, vinaitwa aldeamento, ili wapiganaji wakose chakula na habari, mtu anaacha shamba lake anabanwa sehemu moja na wenzake. Desemba 16, 1972 huko Wiriyamu, mkoa wa Tete, wanajeshi waliua raia karibu 400. Ureno ikakana, mpaka padri Adrian Hastings alipopeleka habari kwenye gazeti la The Times la London Julai 1973 dunia ikashtuka. Kusini, Lourenço Marques ambayo leo ni Maputo, mapigano hayakufika, ila PIDE, polisi wa siri wa Ureno, walikuwa wanakamata watu.

Na kwamba Tanzania ilitoa maneno tu? Mondlane aliuawa Dar kwa bomu la kifurushi Februari 3, 1969. Vijiji vya mpakani vilipigwa mabomu, watu wakakanyaga mabomu ya ardhini, na wakimbizi walipokuja kwa maelfu wengine walipokelewa kwanza na ndugu zao wa Kimakonde, ndo baadaye zikaanzishwa makazi kama Rutamba, Lindi na Muhukuru, Ruvuma, wakapewa ardhi walime. Uhuru ulipopatikana Juni 25, 1975 wengi walirudi kwao, wengine walikuwa wameshaoa na kuolewa, mashamba yameshakomaa, wakabaki na wajukuu zao leo ni Watanzania.