Uzazi wa mpango wa asili kwa Wakatoliki: hiyo "asili" maana yake nini hasa?

Watu wengi wakisikia Kanisa Katoliki linakataza vidonge na kondomu ila linaruhusu njia ya asili, yaani kujizuia siku zile ambazo mwanamke anaweza kushika mimba, wanachoelewa harakaharaka ni kwamba Kanisa halitaki kemikali na mipira, linataka vitu visivyotoka kiwandani. Hata mimi niliamini hivyo miaka mingi tu. Sasa ukishika maana hiyo utakwama mapema sana, maana ipo mitishamba ambayo watu wanainywa ili wasishike mimba, ni majani na mizizi mitupu, na Kanisa linaikataa vilevile kama vidonge. Kumwaga nje nako hakuna kiwanda kilichohusika lakini kumekatazwa tangu zamani, ndo ile habari ya Onani kwenye Mwanzo 38 iliyotumika kulifundisha hilo karne na karne. Halafu geuza upande wa pili, mwanamke anapima joto la mwili wake kwa kipimajoto cha betri ili azijue siku hizo na kuandika mzunguko wake kwenye apu ya simu, huyo Kanisa halina shida naye kabisa. Kwa hiyo asili inayosemwa hapa sio kinyume cha kiwandani.

Asili yenyewe ni ya tendo la ndoa. Papa Paulo VI kwenye waraka wake Humanae Vitae, wa tarehe 25 Julai 1968, namba 12, anasema tendo hilo lina maana mbili, kuwaunganisha mume na mke na kupokea uhai, na kwamba mtu hana ruhusa ya kuzitenganisha hizo mbili kwa makusudi yake. Hapo watu wanaongeza chumvi wakasema eti kila mkilala lazima mtafute mtoto. Hapana. Wazee waliokwisha koma hedhi, mama mwenye mimba tayari, wanandoa wagumba, wote hao tendo lao ni halali kabisa. Kinachokatazwa ni kulifanya tendo halafu wewe mwenyewe ukalifanyia kitu, kabla au wakati wake au baadaye, ili lisizae.

Swali linalokuja hapo ni lilelile kila siku, na ni swali zuri: si wote hawataki mtoto? Huyu kameza kidonge, yule kasubiri siku zipite, nia moja, sasa dhambi inaingilia wapi? Jibu la Kanisa ni kwamba kutotaka mtoto kwa sasa, kama kuna sababu ya maana, sio dhambi hata kidogo, tofauti iko kwenye kile ulichofanya. Mi huwa naielezea kwa mkulima. Kuna anayeacha kupanda msimu huu, na kuna anayepanda mbegu alizokwisha zikaanga. Wote hawatavuna, lakini wa pili kafanya kitendo cha kupanda na wakati huohuo kakiharibu. Mfano huu unachechemea kidogo, nakubali, kwa sababu wanandoa wa njia ya asili hawaachi kupanda moja kwa moja, wanapanda kiangazi wakijua fika hakuna kitakachoota, na wapinzani wanabana hapohapo. Kanisa linawajibu kwamba hicho kiangazi hawakukileta wao, kimo ndani ya mwili wa mwanamke jinsi ulivyoumbwa, wao wanakifuata tu (hiyo ni namba 16 ya waraka uleule). Wapo wanaoridhika na jibu hilo na wapo wasioridhika, wakiwemo wanateolojia Wakatoliki wenyewe. Kwangu mimi hoja ina mantiki yake, ila ni nyembamba, na ukimwelezea mtu kwa kifupi kifupi lazima ataona ni ujanja wa maneno.

Tena haikuanza 1968. Agosti 1930 maaskofu wa Kianglikana kwenye mkutano wao wa Lambeth waliruhusu kuzuia mimba kwa hali fulani fulani, na Desemba 31 mwaka huohuo Papa Pius XI akatoa Casti Connubii akikataa. Mwaka 1951 Pius XII akizungumza na wakunga wa Italia akasema wazi kwamba kufuata siku zisizo na rutuba kunaruhusiwa kukiwa na sababu nzito, za kiafya, kiuchumi au kijamii. Halafu kidonge kikaingia, ikaundwa tume ya kulichunguza jambo, na wengi wa wajumbe wake mwaka 1966 wakapendekeza mafundisho yabadilike. Paulo VI hakuwafuata. Ndo maana waraka ulipotoka kukawa na kelele nyingi vile, watu walishajua tume imesema nini na walikuwa wanasubiri ruhusa.

Tukija kwenye kazi yenyewe, hesabu inaanzia hapa: yai likitoka halizidi saa 24, mbegu za mwanaume zinaweza kuishi ndani mpaka siku 5 hivi, kwa hiyo siku za kushika mimba ni kama 6 tu kwa mzunguko mzima. Shida ni kuzijua ni zipi. Njia ya kalenda ya madaktari Ogino na Knaus, ya miaka ya 1920, ndo kongwe na ndo iliyoipa njia ya asili jina baya, kwa sababu inategemea mizunguko iliyopita na mwili haujaahidi kurudia. Na wengi hata hiyo wanaikosea, wanahesabu siku ya 14 tangu hedhi kuanza wakati kinachotulia zaidi ni kama siku 14 kurudi nyuma kutoka hedhi *inayofuata*, sasa hiyo utaijuaje kabla haijafika?

Kwa hiyo siku hizi wanaangalia mwili wenyewe. Njia ya Billings, ya madaktari wa Australia John na Evelyn Billings, inafuata ute wa ukeni, ukianza kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi basi rutuba iko karibu au imefika. Wengine wanaongeza joto la asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, ambalo hupanda kidogo, kama nyuzi 0.2 au zaidi, yai likishatoka. Kuunganisha vyote viwili kunasaidia sana: utafiti wa Ujerumani wa 2007 kwa wanawake 900 ulikuta waliofuata masharti sawasawa, mimba ni 0.4 tu kwa kila wanawake 100 kwa mwaka. Ila hilo neno sawasawa limebeba mzigo wote, kwa sababu siku za kujizuia ndo hizohizo wanawake wengi wanasema hamu iko juu, na mume asiyekubali kusubiri hakuna chati itakayomsaidia mke wake.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kwamba hata njia ya asili sio ruhusa ya wazi tu. Waraka unataka sababu za maana, za afya, za hali ya kifedha, au watoto mlio nao tayari, na wanaoamua ni mume na mke wenyewe mbele ya dhamiri zao, padre hawapangii idadi. Wanandoa wenye nafasi na afya wanaoitumia ili wasizae maisha yao yote wanakuwa wamekosea pia, ijapokuwa hawajagusa kidonge. Na upande wa pili Papa Francis mwaka 2015, akiwa kwenye ndege akitoka Manila, alisema Mkatoliki mwema halazimiki kuzaa kama sungura.

Halafu kuna namba 15 ambayo watu hawaifikii wakisoma. Dawa inayotibu ugonjwa kweli inaruhusiwa hata kama itazuia mimba, mradi lengo sio hilo la kuzuia. Kwa hiyo mwanamke mwenye hedhi inayomtoa damu kupita kiasi, daktari akimwandikia vidonge vilevile vya uzazi wa mpango, pakiti ileile, anaviweka mdomoni na anakwenda zake kupokea Komunyo.