Je, wajua kwa nini ukuta wa ngome ya kale ya Ufaransa hutoa jasho katikati ya kiangazi?

Nje ni nyuzi 28. Mgeni anaingia chumba chake mnarani, anafurahia ubaridi, anafungua dirisha hewa ipite. Usiku shuka zina unyevu, na asubuhi ukuta nyuma ya kitanda umejaa matone. Wengi hulaumu paa. Mara nyingi kosa ni lile dirisha.

Ukuta wa mnara mkuu huwa na unene wa mita 2 hadi 4. Wa ngome ya Coucy, kaskazini mwa Ufaransa, uliolipuliwa na jeshi la Ujerumani mwaka 1917, ulifika mita 7. Si jiwe tupu. Ni kuta mbili za mawe ya kuchonga, na katikati kifusi kilichoshikwa kwa chokaa. Ukitaka kuona unavyojengwa, nenda Guédelon, eneo la Burgundy, Ufaransa, ambako tangu 1997 mafundi wanajenga ngome mpya kwa mbinu za karne ya 13.

Tani hizo zote za mawe hutunza baridi ya miezi iliyopita, na huchukua wiki nyingi kupata joto. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kudondosha maji ikigusa kitu cha nyuzi 19 hivi. Ukuta ukiwa na 16, yanatokea yale yale ya chupa ya soda iliyotoka kwenye friji.

Chokaa hustahimili hali hiyo: hunywa maji, kisha huyarudisha hewani taratibu. Saruji haipitishi. Ngome nyingi zilizibwa nyufa kwa saruji katika karne ya 20, maji yakakwama ndani, mawe yakaanza kumeguka. Wenye nyumba za mawe Zanzibar na Lamu wanaujua ugonjwa huu vizuri. Ndiyo maana ukarabati makini huanza kwa kung'oa saruji na kurudisha chokaa.

Kwa mgeni, dawa ni saa ya kufungua dirisha. Lifungue alfajiri, lifunge kabla ya saa nne asubuhi, na usiliguse tena hadi jua lizame. Kitanda kikae sentimita 10 hivi kutoka ukuta wa nje. Kikigusana nao, hewa haipiti na kuvu huota hapo kwanza. Taulo mbichi zibaki bafuni, kwani watu wawili wakilala tu hutoa karibu nusu lita ya maji kwa kupumua na kutokwa jasho.

Wakati wa baridi, hita iwake kidogo kidogo mchana na usiku. Kuiwasha kwa nguvu kwa muda wa saa mbili jioni hupasha hewa tu. Jiwe halina habari. Mapazia mazito ya kitanda ambayo wageni huyaona pambo yaliwekwa kwa kazi hiyo hiyo, kutunza joto la mlalaji. Yafunge.