Fungua zipu kwanza: ninavyochagua godoro la lateksi

Godoro lililonifanya niandike haya lililetwa karakanani kwangu likiwa limekunjwa mara mbili na kufungwa kamba, limebebwa begani na mtu mmoja. Nilianza kulitilia shaka kabla sijaligusa. Godoro la lateksi tupu la watu wawili halibebwi namna hiyo. Ni zito, linalegea kama samaki mbichi, ukilishika huku linaponyoka kule. Mwenyewe aliniambia, "Fundi, hili ni lateksi, limeandikwa hapo pembeni. Lakini miaka miwili tu limeshafanya bonde katikati."

Lebo kweli iliandika lateksi. Nikafumua uzi wa ubavuni, nikafunua. Juu palikuwa na tabaka la lateksi la sentimita 3. Chini yake, sentimita 17 za sponji ya kawaida, nyepesi, ya kushonea makochi. Bonde lote lilikuwa kwenye sponji. Ile lateksi ya juu ilikuwa nzima kabisa, imefuata tu shimo lililochimbika chini yake. Lebo haikusema uongo. Ilitaja tabaka moja na kunyamazia la pili, na mteja akalipa bei ya lateksi kwa godoro ambalo sehemu kubwa yake ni sponji.

Tangu siku hiyo, yeyote anayeniuliza godoro gani la lateksi lina thamani namjibu kwa swali: je, linafunguka? Godoro lenye zipu kuzunguka pande zote ni godoro ambalo muuzaji hana cha kuficha ndani yake. Lililoshonwa kabisa huenda likawa zuri pia, lakini unalinunua kwa imani. Mimi kwa kitu nitakacholalia miaka kumi na zaidi sinunui kwa imani.

Tuanze na neno lenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapopotelea. Lateksi asilia ni utomvu unaogemwa kwenye gome la mti wa mpira, Hevea brasiliensis. Utomvu huo hutiwa amonia usigande, huzungushwa kwenye mashine hadi mpira uliomo ufikie takriban asilimia 60, kisha hupelekwa kiwandani kukorogwa uwe povu. Lateksi ya kutengenezwa hutokana na mafuta ya petroli. Ni mpira wa stirini na butadini. Halafu kuna mchanganyiko wa hizo mbili, nao ndio uliojaa sokoni. Kwa hiyo "lateksi 100%" haimaanishi "lateksi asilia 100%". Maneno hayo yanakuambia tu kwamba hakuna sponji. Na hata sentensi "lina lateksi asilia 100%" isome mara mbili, kwa sababu godoro linaweza kuwa na kipande cha lateksi asilia halisi na vitu vingine vitano pembeni. Swali la kumuuliza muuzaji, dukani au kwa ujumbe, ni hili: kila tabaka lina unene gani, na limetengenezwa kwa nini? Anayejua bidhaa yake hujibu kwa namba. Anayekujibu kwa sifa, endelea na safari yako.

Mchanganyiko si ubaya wenyewe. Nimefungua magodoro ya mchanganyiko yaliyotumika miaka mingi yakiwa bado yamenyooka. Ubaya ni kulipia asilia ukapewa mchanganyiko.

Kuna pia njia mbili za kutengeneza, na wauzaji hupenda kuzishindanisha. Ya Dunlop ilianza mwaka 1929: utomvu hukorogwa, hutiwa dawa ya kuugandisha, humiminwa kwenye kalibu na kupikwa kwa mvuke. Hutoka lateksi nzito, imara, na mara nyingi upande mmoja huwa mgumu kidogo kuliko mwingine. Ya Talalay ina hatua zaidi: povu halijazi kalibu, kalibu hufungwa na hewa kufyonzwa hadi povu lipanuke, hugandishwa kwa baridi kali, hupitishiwa kabonidayoksaidi, ndipo hupikwa. Matokeo ni lateksi nyepesi zaidi, yenye kurudi upesi ukiibonyeza, na ghali zaidi. Maoni yangu ni kwamba kwa tabaka la chini, lile linalobeba uzito, kulipia Talalay ni kupoteza pesa. Kwa tabaka la juu, ukiwa unalala ubavu na bega lako linahitaji mahali pa kuzama, Talalay ina sababu. Anayelala chali au kifudifudi hatajuta kwa Dunlop juu hadi chini.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliamini kuliko mengine yote, nalo ni mzani.

Lateksi ni nzito, na uzito wake una hesabu. Dunlop asilia kwa kawaida huwa na kilo 75 hadi 95 kwa mita moja ya ujazo. Talalay huwa chini ya hapo, mara nyingi kati ya 50 na 75. Sponji nyingi za magodoro zinaangukia kati ya 20 na 35. Chukua kiini, yaani godoro bila kava lake, cha upana wa mita 1.5, urefu wa mita 2, na unene wa sentimita 15. Zidisha: 1.5 mara 2 mara 0.15 ni mita za ujazo 0.45. Kikiwa Dunlop ya kilo 80, kiini hicho peke yake kitakuwa na kilo 36. Kikiwa Talalay ya kilo 60, kilo 27. Kikiwa sponji ya kilo 25, kilo 11 na kitu. Tofauti hiyo huhitaji kuwa mtaalamu kuiona. Mgongo wako utaiona wakati wa kubeba. Lile godoro lililobebwa begani lingeweza kukamatwa kwa mzani wa gunia siku liliponunuliwa.

Anayenunua mtandaoni ana bahati moja hapa ambayo hata wa dukani hana. Kwenye ukurasa wa bidhaa, tafuta uzito wa mzigo. Kila namba nyingine pale iliandikwa ili ununue, lakini hiyo iliandikwa kwa ajili ya msafirishaji, naye ana mzani wake. Toa kilo chache za kava na boksi (kava lililotiwa sufu linaweza kuwa zito kiasi), gawanya kilo zilizobaki kwa ujazo, utaona kama unauziwa lateksi. Nimewaonyesha wateja wangu hesabu hii kwenye simu zao, na zaidi ya mara moja godoro la "lateksi" la sentimita 25 likatoka na uzito wa sponji.

Mzani una mpaka wake, niseme wazi. Hautakutofautishia asilia na ya kutengenezwa, na unaweza kudanganywa na viwanda vinavyochanganya chaki au udongo mweupe kwenye utomvu ili kupunguza gharama. Lateksi ya namna hiyo inatimiza uzito lakini haina uhai. Ndiyo maana zipu inarudi tena: ukishafungua, sugua ukingo wa kiini kwa kidole gumba. Vumbi likibaki kidoleni, jihadhari. Bana kona, isokote, iachie. Lateksi nzuri hurudi papo hapo bila mkunjo wala ufa. Iliyojazwa chaki huchelewa au hupasuka nywele nywele. Na inuse. Lateksi mpya ina harufu ya mpira, tamu kidogo, inayopungua ikipata hewa siku chache. Harufu kali ya kemikali inayokuwasha macho si ya mpira.

Vyeti vinajaza pengo ambalo mzani umeliacha, mradi ujue kila kimoja kinasema nini. GOLS kinahusu lateksi iliyotokana na mashamba ya kilimo hai, na kinataka angalau asilimia 95 ya malighafi iwe ya namna hiyo. OEKO-TEX Standard 100 hupima vitu vyenye madhara. Hata mpira wa petroli waweza kukipata, kwa hiyo si ushahidi wa uasilia. GOTS ni cha pamba na sufu za kava. Hila ninayokutana nayo mara nyingi ni cheti cha kava kutangazwa kana kwamba ni cha godoro zima. Omba namba ya cheti, iingize kwenye tovuti ya waliokitoa, usome jina la bidhaa na la kampuni. Ni kazi ya dakika tano.

Kuhusu ugumu na ulaini, maneno "wastani" na "gumu kiasi" hayana maana, kila muuzaji ana wastani wake. Lateksi hupimwa kwa ILD, yaani nguvu kwa paundi inayohitajika kuibonyeza asilimia 25 ya unene wake kwa sahani ya kipimo. Chini ya 20 ni laini sana, 20 hadi 25 ni laini, karibu na 30 ni ya kati, kuanzia 36 hivi ni ngumu. Mtu mwepesi anayelala ubavu hupendelea tabaka la juu la 20 hivi juu ya kiini cha 30. Mtu mzito au anayelala kifudifudi atataka kuanzia namba kubwa zaidi, la sivyo kiuno kitazama na asubuhi ataamka ameshika mgongo. Haya ni makadirio ya kuanzia, mwili wako ndio mwamuzi.

Hapo ndipo duka la karibu linaposhinda mtandao. Nenda ukalale. Usikae ukingoni ukirukaruka, hiyo haipimi chochote. Vua viatu, lala mlalo wako wa kila usiku dakika 15 kamili, uso ukitazama ukuta kama unaona haya. Ukiwa chali, pitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita kwa ulegevu, godoro ni gumu mno kwako, kisipopita kabisa, umezama. Ukiwa ubavu, mwombe uliyekuja naye asimame nyuma yako aangalie uti wa mgongo kama umenyooka kuanzia shingoni. Kisha uliza ILD ya kila tabaka la godoro hilo na uiandike. Sasa una namba ya mwili wako, nayo ni mali kokote utakakonunua.

Wengine huniuliza kama ni haki kujaribu dukani kisha kuagiza mtandaoni. Mimi nasema rudi dukani na bei uliyoipata, useme ukweli, umpe muuzaji nafasi. Mara nyingi bei husogea. Na ukilinganisha, usilinganishe bei ya godoro kwa bei ya godoro. Gawanya bei kwa kilo za lateksi zilizomo. Utashangaa jinsi godoro linaloitwa la bei nafuu linavyokuwa ghali ukiihesabia ile lateksi kidogo iliyopakwa juu.

Mtandaoni, kabla ya kulipa, soma masharti ya kurudisha neno kwa neno. Wauzaji wengi hutoa siku 100 au zaidi za kujaribu, na ni jambo zuri, lakini nani analipa usafiri wa kurudisha mzigo wa kilo 40? Je, wanataka uwe na boksi la awali, ambalo halitaingiza tena godoro lililokwisha kupanuka? Muuzaji ninayempenda mimi ni yule anayekuruhusu kubadilisha tabaka moja badala ya godoro zima. Ukiwa na tabaka tatu zilizopangwa bila gundi ndani ya kava la zipu, kosa la ulaini hurekebishwa kwa kupanga upya, na baada ya miaka, la juu likichoka, unanunua hilo tu. Hakuna kitu kinachoongeza thamani ya godoro kuliko hicho. Magodoro ya tabaka zilizogundishwa kwa gundi hayakupi nafasi hiyo.

Kanda saba, zile sehemu zenye matundu makubwa na madogo kwa ajili ya bega, kiuno na miguu, sizilipii. Zimepimwa kwa urefu wa mtu ambaye huenda si wewe.

Na kama godoro ulilonalo ni gumu lakini limenyooka, huenda huhitaji jipya. Tabaka moja la lateksi la sentimita 5 hadi 8 juu yake hugharimu sehemu ndogo ya godoro zima. Ila kama lina bonde, usithubutu; umeona yaliyompata yule mteja wangu. Mwenye mzio wa lateksi naye azungumze na daktari wake kwanza, hata kama muuzaji anasema imeoshwa.

Waranti isome kwa jicho moja tu: bonde la kina gani ndilo linalokubaliwa kuwa kasoro? Sentimita 2.5 na sentimita 4 ni mbali sana kwa mgongo. Angalia pia kama inataka aina fulani ya kitanda, kwa kuwa hapo madai mengi hukataliwa. Lateksi haina chuma ndani, inafuata umbo la inachokalia. Chaga zisiachane zaidi ya sentimita 7, kuwe na tendegu la katikati kwa kitanda kipana, na usiiweke sakafuni wala juu ya ubao usio na matundu, jasho halitapata pa kutokea na ukungu utaota upande wa chini. Siku likifika lifungue mara moja, lisikae limekunjwa kwenye boksi wiki kadhaa. Likague, lipige picha pamoja na lebo za kila tabaka, kisha funga zipu na utandike shuka. Usiliache wazi dirishani liote jua ukidhani unalitoa harufu: miale ya jua huigeuza lateksi rangi ya manjano na kuifanya imung'unyike kama mkate mkavu, na hiyo hakuna waranti inayoilipa.