Mzigo wa jenereta: maana yake, na namna ya kuuhesabu ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mafundi wa jenereta hulitaja neno "mzigo" kila wanapozungumzia mashine, na mara nyingi mwenye jenereta hulisikia akadhani linahusu idadi ya vifaa vilivyochomekwa. Mzigo ni kiasi cha nguvu ya umeme ambacho vifaa vyote vilivyowashwa vinakidai kutoka kwenye jenereta kwa wakati huo huo, nao hupimwa kwa wati au kilowati. Taa kumi za wati 9 ni mzigo wa wati 90, wakati pasi moja peke yake inaweza kufika wati 1,200. Injini haihesabu vifaa. Inachokihisi ni ugumu wa kuizungusha oltaneta, yaani sehemu inayozalisha umeme. Kila kifaa kinapowashwa ugumu huo huongezeka, na gavana, ambayo kazi yake ni kulinda mwendo wa injini, huongeza dizeli ili mizunguko isishuke. Katika jenereta nyingi ndogo za kubebeka mizunguko hiyo ni 3,000 kwa dakika, na ndiyo inayotoa umeme wa hezi 50 unaotumika Tanzania.

Uwezo wa mashine kubeba mzigo umeandikwa kwenye kibati chake, na hapo ndipo makosa mengi huanzia. Namba kubwa inayovutia macho kwa kawaida ni kVA (kilovolti-ampea), ambayo si sawa na kilowati. Ili kupata kilowati, kVA huzidishwa kwa kipimo kiitwacho pawa fakta, ambacho kwenye vibati vingi ni 0.8, ingawa zipo jenereta ndogo za fezi moja zenye pawa fakta ya 1. Jenereta ya kVA 5 yenye 0.8 ina kilowati 4, si 5. Aidha, vibati vingi vina uwezo wa aina mbili: ule wa juu kabisa, ambao mashine huuvumilia kwa muda mfupi tu, na ule wa kazi ya kuendelea. Hesabu za nyumbani na za kazini zifanywe kwa ule wa pili.

Kwa mtu wa Mbeya, Iringa au Njombe, hesabu haijaisha. Uwezo ulioandikwa kwenye kibati umepimwa kwa mashine iliyo karibu na usawa wa bahari au kwenye mwinuko mdogo. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Njombe unakaribia mita 2,000. Katika mwinuko wa Mbeya hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban moja ya sita, ingawa macho hayaoni tofauti yoyote. Dizeli huungua kwa oksijeni iliyomo katika hewa hiyo, na injini ndogo ya kubebeka isiyo na tabo, yaani kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini, huvuta tu kile ambacho pistoni yake inaweza kukivuta. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, injini ya aina hiyo hupoteza asilimia 3 hadi 4 ya nguvu zake kwa kila mita 300 inazopanda, baada ya mita 300 za kwanza. Kitabu cha mashine ndicho chenye kipimo chake kamili, na mnunuzi anapaswa kukidai dukani kabla hajalipa.

Tuichukue jenereta ile ya kilowati 4 na kuiweka kwenye ua wa nyumba moja Uyole, jijini Mbeya. Tukitoa asilimia 16 kwa ajili ya mwinuko, zinabaki kilowati 3.4 hivi. Saa moja jioni, mwezi wa Julai, umeme umekatika na baridi imeanza kuuma. Taa zinawaka, runinga inawaka, friji inafanya kazi, na vyote hivyo kwa pamoja havifiki wati 400. Mtu anawasha jagi la umeme la wati 2,000 achemshe maji ya kuoga. Injini inanguruma kwa uzito zaidi, lakini inatulia. Kisha mwingine anachomeka pasi ya wati 1,200 ili anyooshe sare za shule. Jumla sasa inakaribia wati 3,600. Kwa kibati, bado zimebaki wati 400 hivi. Kwa hewa ya Uyole, mashine imezidiwa. Taa zinafifia, sauti ya injini inashuka na kuwa nzito, na moshi mweusi unatoka kwenye ekzosi. Gavana imefungua dizeli kadiri inavyoweza, lakini hewa ya kuiunguza haitoshi, hivyo sehemu ya dizeli inatoka ikiwa masizi huku joto la ekzosi likipanda. Dawa yake ni kuchomoa pasi na kusubiri maji yachemke. Kubadilisha breka, yaani swichi inayokata umeme mzigo ukizidi, na kuweka kubwa zaidi ili isikate, jambo ambalo wengine hulifanya, ni kuondoa kinga pekee iliyobaki kati ya waya na moto.

Vifaa vyenye mota vina tabia nyingine ya kuangaliwa. Mota inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta umeme mara tano hadi saba ya ule inaouvuta ikiwa imeshika kasi, ingawa kwa sekunde chache tu. Kwa sababu hiyo, pampu ya maji au friji huwashwa kwanza, jenereta ikiwa haijabeba kitu kingine, na vifaa vya joto hufuata. Kwa mzigo wa kudumu, ni busara kuishia kwenye robo tatu hivi ya uwezo uliobaki baada ya kutoa mwinuko.

Watu wachache huambiwa kwamba mzigo mdogo mno nao huiharibu jenereta ya dizeli. Chukua mfugaji wa Iringa anayewasha kVA 5 usiku kucha kwa ajili ya mashine ya kutotolesha vifaranga inayohitaji wati 200. Injini inaonekana kufanya kazi kwa raha, lakini haipati joto la kutosha kuunguza dizeli yote. Baada ya wiki kadhaa za kazi ya namna hiyo, ukipitisha kitambaa kwenye mdomo wa ekzosi utakiona kimeshika utando mweusi wenye mafuta, na wakati mwingine matone yake huanguka chini. Ni mchanganyiko wa dizeli isiyoungua, oili na masizi, na huko ndani umeshagandia kwenye nozo, valvu na ringi za pistoni. Mashine huanza kuwaka kwa shida na kutoa moshi mweupe. Mzigo usishuke chini ya asilimia 30 ya uwezo wa mashine kwa muda mrefu. Mfugaji huyo angefaidika zaidi na jenereta ndogo, au angalau aipe mashine yake mzigo mkubwa, kwa mfano pampu, kwa muda wa kutosha ili ipate joto na kujisafisha.

Mzigo ndio pia unaoamua muda wa huduma. Injini nyingi ndogo za dizeli zinazopozwa kwa hewa hubadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100, lakini mashine inayozidiwa au inayofanya kazi kwenye vumbi, kama ilivyo kwenye viwanda vidogo vya mbao vya Mafinga, haipaswi kusubiri muda huo wote. Chujio la hewa lililozibwa na vumbi la mbao huiongezea injini mwinuko mwingine juu ya ule iliokwisha kuupata. Kipimo cha oili kisomwe kila kabla ya kuwasha, jenereta ikiwa imesimama mahali tambarare, na tangi lijazwe baada ya kazi, injini ikiwa imezimwa na kupoa, kwa sababu usiku wa baridi unyevu hugeuka maji ndani ya tangi lililo nusu. Ukiiacha dizeli iishe kabisa, hewa huingia kwenye mipira ya dizeli na pampu, na mashine haitawaka mpaka fundi atoe upepo.

Baridi ya huku huleta kishawishi cha kuificha jenereta ndani ya stoo au kwenye korido. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu hadi akose nguvu za kujiokoa. Injini ya dizeli huitoa kwa kiasi kidogo kuliko ya petroli, lakini chumba kilichofungwa hujaa hata kwa kidogo hicho. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, ekzosi ikielekea mbali na nyumba, na ikingwe mvua kwa paa lililo wazi pande zote.

Upo mzigo mmoja ambao mwenye jenereta haukusudii. Akitumia waya wenye plagi dume pande zote mbili kuingiza umeme kwenye soketi ya ukutani, bila kutenganisha nyumba na laini ya TANESCO, mtaa mzima unakuwa mzigo wake. Umeme huo ukifika kwenye transfoma hupandishwa na kuwa kilovolti 11 au 33, na fundi aliye juu ya nguzo, akiamini laini imezimwa, anaweza kufa. Swichi ya chenjiova iliyofungwa na fundi mwenye leseni ndiyo njia inayokubalika, kwa kuwa haiwezi kuunganisha njia zote mbili, ya TANESCO na ya jenereta, kwa pamoja.

Jenereta huwashwa ikiwa haina mzigo na kuachwa dakika tatu hadi tano, na asubuhi za Juni na Julai zaidi kidogo, kwa kuwa oili iliyopoa huwa nzito na huchelewa kufika juu. Wakati wa kuzima, vifaa huondolewa kimoja kimoja, kisha injini huachwa izunguke tupu kwa dakika nyingine tatu hadi joto lake lishuke, ndipo izimwe.