Namba ya pili si ya kila mtu: majaji wa vodevili walikuwa wanaangalia nini

Nikialikwa kukaa meza ya majaji kwenye mashindano ya vipaji, hupewa karatasi ya visanduku: ubunifu alama kumi, mavazi alama kumi, kujiamini alama kumi. Naijaza, maana ndicho nilichoitiwa. Ila pembeni naandika mambo yangu mengine: ametumia dakika ngapi, amehitaji jukwaa kiasi gani, na angefaa kumtangulia nani. Tabia hiyo nimeipata kwa mameneja wa kumbi za vodevili za Marekani, ambao kila Jumatatu walikuwa na kazi ya kuamua nani ale na nani alale njaa.

Vodevili ilikuwa shoo ya mchanganyiko. Tiketi moja, wasanii wanane au tisa wasiohusiana: mwimbaji, mcheza mazingaombwe, wana sarakasi, mbwa waliofunzwa, wachekeshaji wawili wanaogombana. Waliokaa kumbi za Dar es Salaam miaka ya 1990, enzi za vikundi vya sanaa vya TOT na Muungano, wakala ngoma, sarakasi, maigizo na taarabu usiku mmoja, hawahitaji maelezo zaidi.

Mashariki mwa Marekani biashara hiyo ilishikwa na B. F. Keith na mwenzake Edward Albee. Wasanii walibadilishwa kila wiki. Jumatatu asubuhi walishuka kwenye treni, wakakimbilia ukumbini na kupanga karatasi zao za muziki ukingoni mwa jukwaa. Aliyewahi ndiye aliyeanza mazoezi na bendi, na kama wawili wamekuja na wimbo uleule, aliyetangulia ndiye aliyebaki nao. Mchana shoo ikaanza, meneja akiwa ndani na saa yake. Kisha akaandika ripoti kwenda ofisi kuu ya New York, iliyopanga nani aende mji gani na kwa malipo gani. Kuanzia 1906 ofisi hiyo iliitwa United Booking Office, nayo ilimkata msanii asilimia 5 kwa kumtafutia kazi kwenye kumbi za wenye ofisi hiyohiyo. Ujanja mtupu.

Ripoti nyingi zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Iowa. Zina aya fupi kwa kila msanii: jina, anafanya nini, dakika, jukwaa, na watu walimpokeaje. Hapo kwenye jukwaa ndipo majaji wa leo tunapopitwa. Kulikuwa na "moja", yaani kaukanda kembamba kati ya taa za mbele na pazia la kwanza, na kulikuwa na jukwaa zima. Mchekeshaji anayesimama kwenye "moja" alikuwa na thamani mara mbili, kwa sababu akiongea mbele ya pazia, mafundi nyuma yake walikuwa wanafunga bembea za wana sarakasi wanaofuata. Watu wanacheka, nyundo hazisikiki. Mweke mwana sarakasi baada ya mwana sarakasi na utapata ukumbi mzima unaotazama pazia lililofungwa.

Kwa hiyo swali la meneja halikuwa tu kama msanii ni mzuri. Alijiuliza anakaa wapi. George Gottlieb, aliyekuwa akipanga ratiba za ukumbi wa Palace pale New York, alieleza hesabu yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1915. Anayefungua ni msanii asiyetegemea maneno, mcheza dansi au wanyama, kwa kuwa watu bado wanaingia na kutafuta viti, na atakayesema neno atalipoteza. Wa pili ni waimbaji wa kutuliza ukumbi. Baadaye inakuja michezo mifupi na majina makubwa, na kabla ya mapumziko mtu wa kuwapa watu la kuzungumza huko nje. Nyota wa siku hakufunga shoo: aliwekwa wa nane, wa pili kutoka mwisho. Wa tisa alikuwa kitu kikubwa cha kutazamwa, kwa ajili ya watu wanaoinuka kuchukua makoti.

Ukisoma ripoti bila kuijua ratiba hiyo utadhani meneja ni mkali bila sababu. Msanii aliyepoa akiwa wa kwanza si sawa na aliyepoa akiwa wa nane. Wa kwanza alikuwa anashindana na milango. Ndiyo maana baada ya shoo ya Jumatatu mchana meneja aliweza kuhamisha watu kabla ya shoo ya usiku, na ugomvi nyuma ya jukwaa ulikuwa mkubwa kuliko wa mshahara.

Jaji mzuri wa zama hizo alikuwa na mkasi pia. Mfano ninaoupenda ni wa Martin Beck, bosi wa kumbi za Orpheum upande wa magharibi, ambaye baadaye ndiye aliyejenga Palace, iliyofunguliwa Machi 24, 1913. Mwaka 1899 alimwona Harry Houdini, mcheza mazingaombwe, akifanya kazi Minnesota. Kijana alikuwa na kila kitu: karata, njiwa, kujinasua kwenye pingu. Beck akamshauri aachane na mazingaombwe madogomadogo abaki na pingu. Alama kumi za ubunifu zisingemsaidia Houdini hata kidogo. Kilichomsaidia ni mtu aliyeona kwamba dakika chache za kujinasua ndizo watu watakazozisimulia nyumbani.

Nisiwapambe mameneja hao sana. Kwenye ratiba moja kwa kawaida hakukuwa na zaidi ya msanii mmoja Mweusi, hata awe hodari namna gani, na ripoti zenyewe zina lugha ya kibaguzi inayokera kusoma. Utani wa matusi mepesi ulikatwa bila mjadala. Wasanii waliita kumbi za Keith "shule ya Jumapili".

Upande wa Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, hukumu ilikuwa mikononi mwa watazamaji. Ukumbi wa Apollo, uliojengwa 1914 na kupata jina hilo 1934, ulianzisha usiku wa chipukizi ambapo aliyeshindwa alifukuzwa jukwaani kwa kelele. Novemba 21, 1934, Ella Fitzgerald, aliyekuja kuwa mwimbaji maarufu wa jazi, akiwa na miaka 17, alikwenda pale kucheza dansi. Akawaona Edwards Sisters wakicheza, akajua kwamba baada ya miguu ile hakuna atakayeitazama yake. Akaimba. Mimi huihesabu ile kuwa hukumu bora kuliko zote za usiku ule, na aliyeitoa alikuwa mshindani mwenyewe, nyuma ya jukwaa, kwa dakika chache. Alishinda dola 25. Zawadi ilipaswa kuwa na wiki nzima ya kazi pale ukumbini, lakini hakupewa, na inasimuliwa kwamba sababu ilikuwa nguo zake chakavu. Mwaka uliofuata bendi ya Chick Webb ikamchukua.